Fani Unayoomba

Fomu iko mezani tangu Jumatatu,
imeshapata duara la kikombe cha chai.
Jina nimejaza. Tarehe ya kuzaliwa nimejaza.
Penye "fani unayoomba" nimeweka nukta
nikaiacha hapo, kama inzi.

Baba anataka moyo.
Akiutaja huweka kiganja kifuani
utadhani unapigwa wimbo wa taifa.
Kaka Lubango alicheka hadi ugali ukampalia:
"Miaka mitatu ng'ambo, urudi daktari wa kucha?"
Mama hakucheka. Aliuliza tu,
kanisani atawaambia nini.

Nami jibu la kanisani sina.
Nina Shangazi Nyanzobe, muuza dagaa,
aliyetembea na msumari kwenye wayo
toka Igogo mpaka Mwaloni Kirumba,
akapanga foleni, akapimiwa ndoo nne,
akabishania bei, akashinda,
akarudi jioni, akavua ndala,
ndala ikagoma kutoka.

"Ajabu," alisema, "wala haikuuma."

Nasi tukamshukuru Mungu kwamba haikuuma.
Hilo ndilo linaloniamsha usiku.
Tulishukuru.

Kikaenda kwanza kidole kidogo,
kikafuata jirani yake,
kisha daktari akachora mstari kwa kalamu ya bluu
chini ya goti, kama fundi cherehani.

Waliosema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi
hawakuwa na kisukari.

Mji wetu nao hauna huruma na miguu.
Mabatini nyumba zimekaa juu ya mawe kama pimbi,
na ndoo ya maji hupanda huko kwa visigino.
Zile ngazi hakuna aliyezijenga,
zimesuguliwa tu, mama baada ya mama.
Jiwe lililosimama ziwani wageni hulipiga picha;
haya ya kupandia hakuna anayeyatazama,
wala kinachoyakanyaga.

Kliniki, Alhamisi, wananificha miguu chini ya benchi.
Uso wameupaka mafuta, mikono wamenawa,
miguu wameiacha nyuma kama mtoto aliyefeli.
Nawagusa wayo kwa kiuzi cha plastiki:
Unasikia? "Ndiyo."
Hapa je? "Ndiyo, nesi."
Wengine hujibu kabla sijagusa.
Si uongo. Ni adabu.

Jana nilishuka Makoroboi kwa Kadashi fundi viatu,
tulisoma naye mpaka la saba.
Akapindua kiatu cha mteja, akanionyesha soli:
"Umeona inavyolika upande huu?
Huyu ana vidole visivyo na habari. Mwaka hauishi atachechemea."
Nikamuuliza, na wewe humwambia?
"Namwambia bei ya soli."

Nilicheka. Kisha nikapanda kilima kizima
nikiisikia ile bei.

Maana moyo una watu wake.
Moyo ukishtuka nyumba nzima huamka,
hutafutwa gari, hupigwa simu hadi Sengerema.
Mguu hufa kimyakimya, umevaa soksi,
na mwenyewe anasema yuko salama.

Ila naogopa, nisijifanye shujaa.
Naogopa baridi ya huko na lugha ya huko,
naogopa kurudi na cheti kisicho na mlango:
ofisi gani, kiti gani, mshahara wa jina gani?
Naogopa harufu pia. Hilo sijamwambia mtu.

Leo Ijumaa. Posta inafungwa saa kumi.
Asubuhi nilimnawisha Shangazi,
maji ya vuguvugu, nimeyapima kwa kiwiko,
nikakausha katikati ya vidole, kimoja kimoja.
"Taratibu," akasema. "Huu mmoja
sasa ndiyo miguu yangu."

Nimerudi mezani.
Ile nukta bado ipo, haikuruka.
Nimetafuta kalamu nyumba nzima,
nimepata moja tu,
ya bluu.